Mali Bila Daftari: Ligi Ndogo za Besiboli na Hoja ya Wachezaji wa Bukavu

Katika mijadala ya michezo mjini Bukavu kuna hoja inayorudiwa hadi imeanza kuchukuliwa kama ukweli usiodai ushahidi. Inasema kwamba vijana wetu hawafiki mbali kwa sababu hakuna ngazi ya kupandia. Hakuna ligi za vijana zilizopangika, daraja la pili halina pumzi, na hakuna akademia ya kumtoa mtoto Kadutu au Bagira na kumfikisha hatua kwa hatua kwenye ligi kubwa. Mifano hubadilika kulingana na msemaji. Mmoja atataja vituo vya vilabu vya Ulaya. Mwingine, tangu Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, achaguliwe na Golden State Warriors mwaka 2021, atataja Marekani. Hitimisho lao ni lilelile: jengeni ngazi, wapandaji watapatikana.

Makala hii inaipinga hoja hiyo kwa kuichunguza ngazi ndefu kuliko zote katika michezo ya kulipwa, yaani ligi ndogo za besiboli za Marekani. Besiboli haichezwi Bukavu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuichagua. Tukizungumzia mpira wa miguu kila mmoja ana timu yake na kidonda chake. Tukizungumzia besiboli tunaweza kuuona mfumo wenyewe: nani anaingia, nani analipwa, nani anatoka mikono mitupu. Tena mfumo huo umekwisha kufika karibu nasi, kwa maana umesajili vijana wa Uganda.

Dai langu ni kwamba ngazi ya ligi ndogo haikujengwa ili kuwapandisha wengi. Ilijengwa ili klabu iwashike vijana wengi kwa bei ndogo huku ikiwasubiri wachache. Panapokuwa na haki kwa mchezaji au kwa waliomlea, haki hiyo haikutokana na wingi wa madaraja. Imetokana na maandishi: mkataba, orodha, daftari la usajili. Kwa Bukavu, basi, daftari linatangulia ngazi.

Ngazi ilivyojengwa

Ligi kuu ya besiboli ina vilabu 30, na kila klabu ina nafasi 26 katika kikosi chake cha kawaida. Chini yake kuna madaraja: timu za wanaoanza, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Mwaka 2021 ligi kuu ilizipanga upya timu hizo na kuzipunguza kutoka 160 hadi 120, nne kwa kila klabu, mbali na timu za wanaoanza zinazochezea kwenye kambi za vilabu. Tangu 2024 klabu hairuhusiwi kuwa na wachezaji wa ligi ndogo zaidi ya 165 ndani ya Marekani. Awali ukomo ulikuwa 180. Hesabu ni nyepesi. Vilabu 30 mara 165 ni watu 4,950, nao wanazitazama nafasi 780 ambazo wenye nazo hawaziachi kila mwaka.

Mpango huu una mwasisi anayejulikana. Branch Rickey, akiiongoza St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, aliona kwamba klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri wa New York katika kununua wachezaji waliokwisha kuiva. Akaamua kununua timu ndogo za mikoani, kuzijaza vijana na kungoja. Aliyeiva alipandishwa au kuuzwa, na aliyebaki alibaki. Mwaka 1938 Kamishna Kenesaw Mountain Landis aliwaachia huru wachezaji 74 wa Cardinals baada ya kuona kwamba klabu ilikuwa ikiwaficha katika timu zilizokuwa chini ya amri yake kinyume cha taratibu. Tukio hilo halikuuvunja mfumo. Vilabu vingine viliuiga. Lakini linatuonyesha kwamba tangu mwanzo ngazi ilikuwa pia ghala, na mwenye ufunguo hakuwa mchezaji.

Wanaohesabu kuanzia juu

Kwamba soko la wachezaji wa besiboli liliendeshwa kwa muda mrefu kwa manufaa ya wamiliki, wachumi hawabishani sana. Simon Rottenberg alilichambua mwaka 1956, na Gerald Scully alionyesha mwaka 1974 jinsi mchezaji aliyefungwa na klabu moja alivyolipwa chini ya thamani ya kazi yake. Ugomvi wangu ni na kundi lingine, la wanaopima urefu wa maisha ya kazi.

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Witnauer, Rogers na Saint Onge, uliotoka mwaka 2007. Waliwachunguza wachezaji 5,989 wasio warushaji walioanza ligi kuu kati ya 1902 na 1993. Walikuta kwamba mgeni anaweza kutarajia kucheza miaka 5.6, kwamba mmoja kati ya watano hucheza msimu mmoja tu, na kwamba katika kila hatua uwezekano wa kutoka haupungui asilimia 11. Ni kazi safi, na takwimu zake zinatosha kumshtua mzazi anayedhani ligi kuu ni ajira ya kudumu. Ila saa ya watafiti hawa inaanza kuhesabu siku mchezaji anapoingia ligi kuu. Miaka aliyokula vumbi chini haimo, na wale ambao hawakufika kabisa, ambao ndio wengi, hawamo hata kama namba.

Huu si upungufu wa takwimu peke yake. Anayehesabu kuanzia juu atasema ngazi inafanya kazi, kwa kuwa kila aliye juu aliipanda. Ndivyo tunavyofanya Kongo tunapoorodhesha majina ya mpira wa kikapu: Dikembe Mutombo, Bismack Biyombo, Kuminga. Orodha ni ya kweli na fahari yake ni halali, lakini haitwambii lolote kuhusu mfumo, kwa sababu hatuna orodha ya pili. Alan Klein, aliyeandika juu ya besiboli ya Jamhuri ya Dominika tangu *Sugarball* ya mwaka 1991, alikaribia zaidi kuiandika orodha hiyo ya pili, kwa kuwatazama vijana wakiwa bado akademiani, kabla haijajulikana nani atapita. Hata hivyo Dominika ni nyumbani kwa mabingwa: kila klabu ya ligi kuu ina akademia huko. Sisi tunahitaji mtu aliyeianza safari kutoka mahali pasipo na akademia. Yupo mmoja ambaye safari yake inajulikana hatua kwa hatua.

Miaka minane na nusu, michezo 41

Gift Ngoepe alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1990. Mama yake alikuwa mfanyakazi katika jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, na familia iliishi katika chumba cha jengo hilohilo. Mtoto alikulia ukingoni mwa uwanja kwa sababu hapo ndipo mama alipopata kazi na malazi. Alipelekwa katika akademia ambayo ligi kuu iliiendesha nchini Italia, akaonwa, na mwaka 2008, akiwa na miaka 18, akasaini mkataba na Pittsburgh Pirates. Hakuna mtu mweusi wa Afrika Kusini aliyekuwa amesaini mkataba wa namna hiyo kabla yake.

Kutoka hapo alipanda kila kidato. Alianza kwenye timu ya wanaoanza huko Florida mwaka 2009, mwaka uliofuata alikuwa State College, Pennsylvania, kisha West Virginia, kisha Bradenton. Mwaka 2013 alifika Altoona, daraja la Double-A, na hapo ndipo alipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine. Mwaka huohuo mama yake alifariki. Kisha ikaja Indianapolis, daraja la Triple-A, hatua moja kabla ya mlango. Wengi waliomwona walikiri kwamba mikono yake katika ulinzi ilikuwa ya ligi kuu. Kipigo ndicho kilichokuwa na mashaka, na klabu iliweza kusubiri kipigo kikomae kwa sababu kumsubiri hakukuwa na gharama kubwa.

Gharama hiyo tunaifahamu. Kabla ya 2021 kima cha chini katika madaraja ya A kilikuwa dola 290 kwa wiki, Double-A dola 350, Triple-A dola 502. Malipo hayo yalitolewa wakati wa msimu tu. Kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu haikuwa na mshahara, na miezi ya baridi kila mtu alijitafutia. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichowaondoa wachezaji hao katika ulinzi wa sheria ya kima cha chini cha mshahara. Juu ya mlango, mwaka 2017, kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 535,000 kwa msimu. Haki ya pensheni ya ligi kuu huanza mchezaji akitimiza siku 43 kwenye kikosi. Miaka ya chini haihesabiwi hata ikiwa tisa.

Tarehe 26 Aprili 2017 Ngoepe aliitwa. Pirates walikuwa nyumbani dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Aliingizwa katika awamu ya nne, na zamu yake ya kwanza ya kupiga ikamkutanisha na Jon Lester, mmoja wa warushaji wazoefu wa wakati ule. Akaupiga mpira ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza salama. Mwafrika wa kwanza katika ligi kuu alikuwa amepata pigo kwenye zamu yake ya kwanza. Picha za siku ile zilizunguka dunia, na zilistahili.

Yaliyofuata hayakuzunguka dunia. Alicheza michezo 28 na Pirates mwaka ule, akarudishwa chini, kisha akahamishiwa Toronto Blue Jays, alikocheza michezo 13 mwaka 2018. Hapo ndipo rekodi yake ya ligi kuu inapoishia: michezo 41, mapigo salama 13.

Katika jedwali la Witnauer na wenzake, mtu wa aina hii angekuwa mchezaji wa misimu miwili, chini ya wastani, asiye na la kueleza. Kwa kipimo changu, huyu ni mfanyakazi aliyetumikia takribani miaka minane na nusu kabla ya siku yake ya kwanza ya kuonekana, na aliyevuka mlango ambao wengi wa wenzake hawakuufikia. Basi ikiwa yeye ndiye mfano wa waliofaulu, na kufaulu kwenyewe ni michezo 41, ngazi hii inatengeneza nini hasa? Inatengeneza subira ya vijana, na wanaoinunua subira hiyo ni vilabu. Wanaoilipia ni familia, kama ilivyokuwa kwa mama wa Randburg.

Kwa haki ya mjadala niongeze jambo moja. Ngoepe mwenyewe hakudhulumiwa kwa maana ya sheria. Alisaini, alilipwa kilichoandikwa, jina lake liliandikwa vizuri katika kila orodha kutoka Florida hadi Toronto. Ndiyo maana tunaweza kuisimulia kazi yake mwaka kwa mwaka.

Uganda: karatasi zinapofika kabla ya mchezaji

Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda na kupata tiketi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za Little League. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Haikwenda. Marekani iliwanyima viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa katika hati zao hazikuafikiana, na nafasi ikachukuliwa na timu ya Saudi Arabia, ambayo walikuwa wameifunga. Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao Williamsport, walifunga safari hadi Uganda kucheza mechi iliyokuwa imepotea. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi, yenye hati zilizokamilika, ilifika Williamsport na kuifunga Gresham ya Oregon 3–2.

Kilichotenganisha kushindwa kwa 2011 na ushindi wa 2012 hakikuwa uwanja wala ligi. Kilichobadilika ni makaratasi. Miaka kumi baadaye Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamsajili mrushaji David Matoma. Njia ya kawaida ya kijana wa kigeni wa namna hiyo ni kuanzia Jamhuri ya Dominika, katika ligi ya majira ya joto ya huko. Na ligi ya Dominika haimo katika mkataba wa pamoja ambao wachezaji wa ligi ndogo waliupata mwaka 2023. Kwa maneno mengine, Mwafrika anaingia kwenye kidato ambacho chama cha wachezaji hakijakifikia.

Lipo jambo zito zaidi kwa hoja yetu. Besiboli inapomsajili kijana wa Uganda, fedha za kusaini ni za kijana. Shule iliyompa glavu ya kwanza na kocha aliyemfundisha kwa kujitolea hawana dai lolote kisheria. Hakuna kanuni ya kimataifa inayosema: aliyemlea mtoto huyu kati ya miaka 12 na 18 alipwe. Hapo mpira wa miguu, pamoja na aibu zake zote, umeitangulia besiboli kwa mbali.

Bukavu na fedha zisizodaiwa

Ngazi ya mpira nchini Kongo ipo, kinyume na wasemavyo. Iko Entente ya mji, juu yake ligi ya jimbo, juu yake Linafoot na madaraja yake. OC Muungano, OC Bukavu Dawa na Étoile du Kivu zote zimeonja ligi ya taifa. Uwanja wa Concorde pale Kadutu umejaa mara nyingi. Kinachoiua ngazi yetu kwanza ni jiografia. Ligi ndogo za Marekani kwa sehemu kubwa ni ligi za basi: timu zimepangwa kwa mikoa ili ziweze kulala njiani na kucheza kesho yake. Klabu ya Bukavu ikipangiwa mechi Kinshasa haina barabara ya kupita. Inahitaji ndege, na tiketi za kikosi kizima humaliza bajeti kabla ya primu ya mechi ya kwanza kulipwa. Ligi zinazofikika kwa basi kutoka Bukavu ziko ng'ambo ya mipaka, Rwanda na Burundi, na huko siasa husafiri pamoja na mchezaji. Februari 2024 Héritier Luvumbu wa Rayon Sports alifunga bao na kufanya ishara ileile iliyofanywa na timu ya taifa ya Kongo kwenye Kombe la Afrika kulalamikia vita vya mashariki. Shirikisho la Rwanda lilimfungia miezi 6, na akaachana na klabu.

Pamoja na hayo vijana wanaondoka, na wataendelea kuondoka. Yanga na Simba za Dar es Salaam zimeonyesha kwa miaka kadhaa sasa jinsi soko la Wakongo lilivyo pana: Fiston Mayele alitoka AS Vita Club akaenda Yanga mwaka 2021, na mwaka 2023 akauzwa Pyramids ya Misri. Swali la Bukavu ni je, mchezaji wa aina hiyo akitokea mtaani kwetu, klabu iliyomlea inapata nini?

Kanuni za FIFA za tangu 2001 zina jibu. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia wa 16. Tuchukue uhamisho wa dola milioni 1. Klabu ya Bagira iliyomshika mtoto kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa 18 ina misimu 4 ya kwanza, sawa na asilimia 1, na misimu 3 ya pili, sawa na asilimia 1.5. Jumla ni dola 25,000. Hapo hatujagusa fidia ya malezi, ambayo hudaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na kila anapohamia klabu ya nchi nyingine hadi mwaka anaofikisha miaka 23. Mwaka 2022 FIFA ilifungua ofisi yake ya malipo jijini Paris ili fedha hizi zisitegemee tena hisani ya mnunuzi.

Lakini ofisi ya Paris haimfahamu kocha wa Bagira. Inaijua pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, na pasipoti hiyo hujengwa kutokana na usajili uliofanywa na shirikisho, msimu kwa msimu, klabu kwa klabu. Msimu usioandikwa haukuchezwa.

Tuitazame basi lisansi ya kijana wa daraja la chini kama tunavyoijua wote tuliowahi kukaa karibu na meza ya karani. Ni kadi yenye picha iliyobandikwa kwa gundi, jina limeandikwa kwa kalamu, muhuri umefunika nusu ya mwaka wa kuzaliwa. Kijana anayeitwa Murhula shuleni ameandikwa Murula kwenye kadi na Mulula kwenye karatasi ya mechi, kwa sababu aliyeandika hakuzoea tahajia ya lugha ya Mashi. Mwaka wa kuzaliwa nao umeshuka, kwani kamati ilihitaji mchezaji wa chini ya miaka 17 na yeye alikuwa na 19. Msimu uliofuata alichezea timu ya mtaa wa pili bila barua ya kuachiwa. Msimu wa tatu hakuna kadi kabisa. Alicheza kwa kufahamiana. Mtu huyu akisajiliwa Kampala au Bujumbura kesho, atasajiliwa kama asiye na historia, na klabu yake ya kwanza itakuwa hiyo ya ugenini. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kushusha umri, ambako wengi wetu hukuona kama ujanja mdogo wa kumsaidia mtoto, ndiko kunakoiangamiza klabu zaidi. Besiboli ilijifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 2006 Washington Nationals walimlipa kijana wa Dominika, Esmailyn Gonzalez, dola milioni 1.4 kusaini, mwaka 2009 ikabainika kwamba jina halikuwa lake na kwamba alikuwa na miaka minne zaidi. Matokeo yake ukaguzi uliongezeka kwa kila Mdominika, mkweli na mwongo. Watoto wa Kampala wa 2011 walikutana na mlango uliofungwa kwa shaka ya aina hiyohiyo.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza linasema ngazi inaweza kurekebishwa, na besiboli imethibitisha. Ni kweli kwamba mwaka 2022 wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wachezaji, kwamba kesi ya mishahara yao ilimalizwa kwa dola milioni 185, na kwamba mkataba wa 2023 ulipandisha kima cha chini hadi dola 19,800 kwa mwaka kwa wanaoanza na 35,800 kwa Triple-A. Nakubali. Lakini marekebisho hayo hayakuletwa na kuongeza vidato. Yalikuja pamoja na kupunguza nafasi, kutoka wachezaji 180 hadi 165 kwa klabu. Na yaliwezekana kwa sababu kila mdai alikuwa na mkataba wenye jina lake. Asiye na karatasi hawezi hata kuwa mwanachama wa wanaodai.

Pingamizi la pili ni Kuminga. Huyu, wanasema, alipita ligi ndogo ya NBA msimu mmoja tu, katika timu ya Ignite, akachaguliwa wa saba mwaka 2021 na kuwa bingwa mwaka 2022. Basi ngazi fupi na nzuri inawezekana. Jibu ni kwamba Kuminga alifika Marekani mwaka 2016 akiwa na umri wa takribani miaka 14, na aliipanda ngazi ya huko kuanzia shule. Ignite yenyewe ilifungwa mwaka 2024. Goma ilitoa mtoto. Haikutoa kidato hata kimoja, na haikudai chochote.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na ndilo ninaloliheshimu. Tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipouchukua mji na uwanja wa ndege wa Kavumu, kuzungumza juu ya madaftari ya mpira kunaweza kuonekana kama anasa. Nadhani ni kinyume chake. Ligi inaweza kusimama na kuanza tena. Mtoto aliyekuwa na miaka 15 hatakuwa na miaka 15 tena. Vita hutawanya wachezaji Uvira, Bujumbura, Kampala na kambini, na kitu pekee kinachomuunganisha aliyetawanyika na klabu iliyomlea ni rekodi iliyotunzwa mahali pengine. Kuandika majina ya watoto, tarehe zao za kweli na misimu yao hakuhitaji ndege wala ruhusa ya mwenye bunduki. Kunahitaji karani mwaminifu, nakala tatu, na moja kati ya hizo iwe nje ya mji.

Hitimisho

Sidai kwamba daftari litazalisha mchezaji hata mmoja. Kipaji cha Concorde hakikungoja karani, na hakitamngoja. Wala sidai kwamba dola 25,000 za mfano wangu zitamfikia kila mlezi. Wengi wataondoka bila ada ya uhamisho, na wengi zaidi hawataondoka kabisa. Ninachodai ni kwamba ngazi inayojengwa juu ya majina yasiyo na tahajia moja na umri usio na ukweli itawafaa wanunuzi peke yao, hata ikiwa na vidato kumi, na hata ikifadhiliwa na wahisani wa nia njema.

Kwa hiyo sera ya michezo ya Kivu Kusini igeuze mpangilio wake. Kabla ya kuomba akademia, Entente iwape watoto wote wa kuanzia miaka 12 usajili wa kielektroniki, kwa jina lilivyo kwenye hati ya kuzaliwa, na asiye na hati atafutiwe kwanza. Kabla ya kuongeza daraja la ligi, kila klabu iwe na barua ya kuachia kwa kila mchezaji anayehama, hata akihamia mtaa wa jirani. Klabu itakayoshusha umri ipoteze pointi na ipoteze dai la malezi. Nathubutu kusema kwamba misimu mitano ya uandishi wa namna hiyo ingeipa Bukavu nguvu zaidi ya kujadiliana na Dar es Salaam, Kigali au Cairo kuliko ambavyo akademia yoyote imewahi kuipa Lugazi au Randburg.